Kiroba cha Mpunga Kisiende Mashineni

Adolf mdogo wangu, msomee Bibi kwa sauti akirudi, na usiruke kitu.

Kile kiroba cha mpunga pale mlangoni KISIENDE mashineni leo. Skrubu za kompyuta yangu zimo humo.

Bibi, shikamoo. Najua jana bati lilipovuja na kulowesha bodi yangu ulitaka kunisaidia. Uliwahi kuniona nimefukia simu iliyolowa kwenye mchele, na wewe ukaifukia bodi ya kompyuta ninayoiunda kwenye mpunga, pamoja na skrubu zake. Lakini Bibi jamani, mpunga una makapi! Asubuhi nimekuta kila tundu limejaa, nikapiga kelele: "Bibi, umeniulia kompyuta!" Ukabeba jembe ukaenda zako shambani Lumemo, hata chai hukugusa. Roho inaniuma mpaka sasa.

Sasa sikia! Nimeisugua ile bodi kwa mswaki (Adolf, wako huo, usiutumie, nakuletea mpya), nikachomeka umeme, feni IKAZUNGUKA! Imenirushia makapi usoni, nimepiga chafya kama mbuzi. Video ipo, mtaiona.

Naenda Mang'ula kununua ~~kasha lenye taa za rangi~~ RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta. Taa ni za kupendeza tu, na simulizi ninazoandika zimeshajaza simu hadi inaganda, nataka kuzihamishia kwenye kompyuta. Bodi itakaa kwenye boksi la mbao kwanza.

Bibi, nisamehe. Uji upo kwenye chupa, nimeutia ndimu unavyopenda. Kama bado umeninunia, ninunie huku unakunywa.

Mjukuu wako mwenye kelele,
Balbina