Swali aliloulizwa Mzee Kornelio gesti

Janeth, uko wapi? Loveness amenipigia sasa hivi kutoka Mombo, analia mpaka nimeshindwa kumwelewa.

Si leo alimpeleka baba yake Tanga, kesho afanyiwe operesheni ya macho? Wakatafuta gesti ya bei nafuu karibu na hospitali. Dada wa mapokezi hata shikamoo hakutoa. Akamtazama mzee, akamtazama Loveness, akauliza, "Mnapumzika kwa saa au mnalala?"

Janeth! Mzee Kornelio! Mzee wa kanisa wa pale Gare!

Loveness akasema, "Dada, huyu ni baba yangu mzazi. Tunaomba vyumba viwili."

Yule dada akacheka. "Wote husema hivyohivyo. Msijali, hapa tunatunza siri."

Wote husema hivyohivyo!! Na wageni waliokuwa wanaangalia televisheni wakageuka kuwatazama.

Mzee akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka. Loveness akambembeleza watafute gesti nyingine, akapiga magoti palepale barabarani. Wapi! "Mwanangu, swali lile siwezi kulisikia mara ya pili. Nirudishe nyumbani."

Nafasi ile wameisubiri tangu mwaka jana, Janeth! Nina hasira!

Basi limesimama Mombo ndipo akashuka kunipigia. Anasema njia nzima mzee amekaa dirishani anamuuliza kwa upole, "Mama, hapo nje kuna nini?"

Naye anamjibu, "Mkonge, baba. Bado ni mkonge."