Jina Lako Bado Halijamtoka Baba

Mama,

Mke wangu amejifungua msichana, na mpaka leo mtoto hana jina. Nina hasira, nimechoka, na wewe ndiye ningekuambia kwanza.

Unajua mila zetu sisi Wasamia. Mtoto akilia bila kunyamaza, babu yake humshika na kuita majina ya waliotangulia mpaka atulie; jina linalomtuliza ndilo lake. Mimi nilitaka lako tu, Nabwire, na nilitaka litoke kwa Baba. Lakini Baba ni yule yule uliyemwacha. Tangu aanguke na bodaboda pale Malaba akaumia kichwa, maneno yanamkwama. Yeye aliyekuwa MC wa kila harusi Funyula! Sufuria anaiita "kile cha moto."

Bado nampeleka Kisumu kwenye ile mashine uliyoipinga. "Kwani huyu mtu ni simu, mnamchaji?" ulisema, hadi daktari akacheka. Wanambandika sponji zenye maji ya chumvi kichwani, umeme mdogo sana unapita, naye anajikuna huku mtaalamu akimwonyesha picha azitaje. Kuku amerudi. Baiskeli imerudi. Majina ya watu ndiyo magumu zaidi, na hawatuahidi kitu.

Jumamosi tulikusanyika nyumbani. Mtoto alilia mpaka akakauka sauti. Baba akampokea, akafungua mdomo, nami nikaomba kimoyomoyo. Likatoka: "Nafula!"

Senge Nafula, shangazi yangu, dada yake Baba, mzima kabisa, ameketi pale na kikombe cha chai! Jina la aliye hai haliitwi hivyo, Mama, ni kama kumchimbia mtu kaburi akiona. Senge akapiga nduru. "Umenizika, ndugu yangu? Ni hiyo stima yenu imemharibu!" Na huyu binti yangu, bila aibu, akanyamaza.

Sasa Senge anataka tuache Kisumu, na mzee mwingine aitwe kumpa mtoto jina. Baba naye anajua alichofanya. Akimwona mtoto anajiziba mdomo kwa kiganja. Hilo linaniumiza kuliko yote.

Safari iliyofuata niliomba picha yako iwekwe kati ya zile za kuku na baiskeli, ile ya kitenge cha njano. Baba aliishika muda mrefu. "Huyu... huyu wangu," akasema, akalia. Amekutambua, Mama. Jina tu ndilo halipiti.

Jana jioni mtoto alianza tena. Baba akaondoa kiganja mdomoni. "Na...," akasema. "Na..." Senge, akihofia ni lake tena, akatoka mbio nje, kanga ikabaki kwenye kiti. Mimi nililijua jina, lilikuwa kwenye ulimi wangu, na nikauma meno. Tulingoja. Halikuja.

Pumzika, Mama. Jumatatu tunarudi Kisumu. Sitamnong'oneza Baba jina lako, na sitakubali mtu mwingine aliite kabla yake. Binti yangu ataendelea kulia kidogo.

Mwanao.