Usimtafutie Zuhura Mtu wa Kumfulia

Ibra, Oman

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na wewe umeacha ubishi wa kubeba ndoo? Mimi ni mzima, ila joto la huku linatukaanga. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu Zuhura husikiliza kila kitu. Barua anakuja nayo dada mmoja wa Muheza anayerudi likizo.

Mama, yule msichana niliyekuomba umtafute, wa kumfulia Zuhura na kumpikia, muache. Kama umeshamleta, mrudishe kwao kwa heshima. Najua ulicheka, mtumishi anaagiza mtumishi. Nilisema nasugua sakafu za watu ili mwanangu asishike ufagio, na wallahi niliamini hivyo mpaka Ijumaa iliyopita.

Shamsa, binti wa nyumba hii, unamjua kwa sifa. Nilimkuta ana miaka miwili, sawa na Zuhura nilivyomwacha. Machungwa nammenyea, viatu namvisha, mkoba wa shule nambebea mpaka kwenye gari. Akishindwa na kitu analia, nami huyo, mbio.

Ijumaa walikuja wageni wa kike kutoka Sinaw, jamaa wa baba yake. Bibi yake, Bi Zuwena, ambaye alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kinanipita mimi, akataka mjukuu awamiminie kahawa. Huku kahawa humiminwa kidogo tu chini ya kikombe, tena na tena. Ukikijaza, umemwambia mgeni anywe aende zake. Mtoto wa hapa hujua hilo kwa kushika dele, birika la kahawa, mwenyewe, na dele siku zote nalishika mimi, nikiogopa Shamsa ataungua. Basi akamjazia mkubwa wao mpaka pomoni. Yule mama akatabasamu, akaweka kikombe chini, akaanza kutafuta viatu vyake.

Bi Zuwena aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Shamsa alikimbilia jikoni kwangu, si kwa mama yake, akalia kwa kwikwi. Nikambembeleza arudi akamimine upya, wageni wangecheka yakaisha. Akanisukuma. "Siwezi. Nenda wewe."

Walipoondoka Bi Zuwena akaja jikoni. Nikajua leo nimepatikana. Akavuta kiti, akasema taratibu, "Mwanangu, wampenda mtoto huyu, najua. Lakini dunia anayoiendea hata sisi wazee hatuijui. Ataiweza vipi, ikiwa hata hii tunayoijua hatukumwacha aijaribu?"

Nikageukia vikombe vya kuosha. Nilikuwa nafikiria wa kwangu.

Hapa wamenunua mashine ya kufagia, inazunguka yenyewe mpaka chini ya vitanda. Naitazama naona inanitafuta mimi. Zuhura akiwa mkubwa, kazi ninayoijua huenda isiwepo, na atakayoikuta sina hata jina lake. Kwa hiyo mwache afue. Aunguze wali, aule hivyo hivyo. Akivunja kitu, akae nacho mpaka ajue namna ya kukiunga. Na vile vijumba anavyojenga kwa maboksi huko uani, vyenye ngazi na madirisha, nilivyosema ni uchafu, usivibomoe. Mwulize nani anakaa humo.

Najuta, mama. Nimejifunza kulea kwa mtoto wa watu, na wa kwangu namlea kwa kuagiza. Haya yote ningetakiwa kuyafanya nikiwa nimekaa naye kwenye mkeka.

Msalimie wifi, fundi wetu wa cherehani, mwambie gauni lilinikaa vizuri. Mjomba muuza nazi mwambie namwombea macho yake. Na mwalimu wake wa chuo cha Kurani mshukuru, Zuhura ananisomea sura nzima bila kukwama.

Jana nilimpigia kwa video kabla ya shule, nikaona shati lake limeshonwa begani, uzi mwekundu kwenye nguo nyeupe, lakini umeshika barabara. Nikamuuliza nani kamshonea. "Mwenyewe," akasema. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nimtumie jingine. Hakuwa na hasira, mama, aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua:

"Lilichanika asubuhi, na kengele ilikuwa inagongwa. Wewe ungefika saa ngapi?"



Mwanao,
Mwanahamisi