Zita Ametembea

Litembo,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Ngumbo, na goti halikusumbui tena unaposhuka ziwani kuanika dagaa wa usipa. Huku tu wazima, ni baridi tu inayotubana. Mkweo Benno anakuamkia sana.

Mama, mjukuu wako ametembea. Yule Zita uliyemwacha hospitalini shingo imekakamaa, macho yamepinduka, hamtambui mtu, jana ametoka mlangoni kwa miguu yake akimfukuza kuku hadi kwenye mibuni. Benno alitupa kikapu cha kahawa akaja mbio, nikadhani ameumwa na nyoka.

Unakumbuka majirani waling'ang'ania kwamba ni degedege, apelekwe kwa mganga. Daktari alituambia ni kifua kikuu kilichofika kwenye utando wa ubongo, akaomba ruhusa ya kumtoa maji mgongoni ili ahakikishe. Mimi nilikataa, nikiogopa atapooza. Benno akasema mtoto tumemleta atibiwe, si tumtazame akifa. Nikakubali. Daktari hakutuficha: alisema wengine hupona kabisa, wengine hubaki na ulemavu, na wengine hufa hata wakipewa dawa. Mwaka mzima nimempa dawa bila kuruka siku. Juzi tumeambiwa amemaliza, amepona. Nilicheka peke yangu njia nzima juu ya bodaboda, dereva akaniuliza kama niko sawa.

Sasa kuna jambo ambalo sijakuambia. Kila ukipiga simu unaomba nimpe Zita akusalimie, nami nasema amelala. Huwa hajalala, Mama. Hasikii. Ugonjwa umeondoka na masikio yote mawili, na daktari anasema hayatarudi. Nililia hadi nikachoka, lakini tangu jana silii, maana nilijiandaa kumzika na sasa namkimbiza shambani.

Ukija, usimwite ukiwa nyuma yake. Kaa mbele akuone uso. Maneno aliyoyajua bado anayo machache, na moja ni Bibi. Jumapili ijayo baada ya ibada nitakupigia, nimwonyeshe picha yako, naye atakuita. Hatasikia utakachomjibu. Wewe mwitikie tu.

Nisalimie dada Gertruda na wanawe, na wote waliotuombea kanisani. Waambie anatembea.

Ni mimi mwanao,
Violet, mama Zita