Kanga Uliyoondoka Nayo

Muyeye, 4 Februari 2025

Mama Hafswa,

Asalaam aleikum. Mwili ni mzima, roho ndiyo haikai. Hafswa hajambo? Wazee hapo Kilifi nawaamkia, shikamoo zao.

Leo siku ya tisa tangu uende kwenu, na simu zangu hupokei. Umesema utasoma karatasi tu, haya, karatasi hii. Simu nimeifungia kabatini, ufunguo nimempa jirani yetu Bi Kadzo. Wallahi mkono unaitafuta mfukoni kama ulimi unavyotafuta pengo. Nakaa, nasimama, natoka uani. Kumbe mndimu umezaa! Tangu lini? Na kwenye kamba umeacha kanga imeandikwa: NIMESEMA NIMECHOKA, ALIYESIKIA NI UKUTA. Ulikuwa ukinisema mimi? Rudi, mke wangu.

Mumeo,
Baba Hafswa

Kilifi, 9 Februari

Baba Hafswa,

Waaleikum salaam. Hatujambo. Hafswa anakuulizia. Wazee wameitikia, ila Baba bado kanuna.

Makubwa! Kanga ile naivaa tangu Idi. Mtaa mzima umeisoma. Bi Kadzo alidhani namsema yeye, mwezi mzima hakuniamkia mpaka nikamwapia. Na wewe niliyeinunua kwa ajili yako ulikuwa ukinipita, macho kwenye simu.

Sina maneno mengi. Siku niliyoondoka ulisimama mlangoni. Niambie, kanga niliyovaa ilisemaje? Jibu lako ndilo litakaloamua kama narudi.

Mkeo,
Mama Hafswa

Muyeye, 12 Februari

Mama Hafswa,

Salaam, na unisamehe nikizifupisha. Natumai mu wazima. Mimi chakula hakipiti.

Jimmy wa tuktuk aniambia, "Andika MUNGU NDIYE MTOAJI, kanga nyingi zasema hivyo." Nimeshika kalamu mara tatu. Nikakumbuka siku ile nilipiga picha, labda nawe umo. Nikaenda kwa Bi Kadzo kuomba ufunguo, nikafika mlangoni, nikarudi.

Sijui, Zuleikha. Nilikuwapo na sikukutazama. Ukiniacha kwa hili una haki, lakini naogopa.

Mumeo,
Baba Hafswa

Kilifi, 15 Februari

Baba Hafswa,

Salaam. Hafswa ana mafua kidogo, sisi wengine tu wazima.

Siku ile sikuvaa kanga. Niliondoka na buibui. Neno lolote ungeliandika lingekuwa uongo, nami ningebaki huku. Siku sita nimezunguka uani kwa Mama nikiomba usibahatishe. Hata buibui hukuliona. Hilo laniuma, na litaniuma bado.

Alhamisi nakuja. Usije kunipokea stendi. Kaa barazani, unitazame nikija.

Mkeo,
Mama Hafswa