Bei ya Gari Likiwa Jipya

Keko, Temeke

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na hayo magoti yako yamekupa nafasi ya kupumua. Sie huku tupo, ila sitakudanganya kwamba tu wazima. Naandika kwa sababu simu imenishinda. Chumba ni kimoja, Baba Salumu yumo humohumo kitandani, na kila nikikupigia nasema tunaendelea vizuri kwa kuwa ananisikiliza. Barua nampa jirani anayekuja Masasi msibani. Isome ukiwa peke yako.

Dada, mume wangu amekatwa mguu. Wa kulia, juu ya goti.

Utauliza imekuwaje, maana tuliondoka huko na kidonda cha kidole tu. Tulipofika hospitali, daktari alisema sukari imeziba mshipa wa damu, lakini unaweza kuzibuliwa kwa upasuaji na mguu ukapona, mradi tusichelewe. Pesa hatukuwa nayo. Tulikuwa na gari, ile pikapu yake kubwa ya kubebea korosho, na ndiyo maana tulikuja nalo. Shemeji Mahamudu, ndugu yake aliyetupa chumba hiki, akaliegesha hapa nje, pembeni ya karakana yake ya makochi, akaanza kutafuta wanunuzi.

Wa kwanza alitoka Kinondoni, mtu mzima mwenye adabu, anasambaza fanicha. Alilizunguka gari, akalala chini kutazama chesisi, kisha akataja bei. Si kubwa, lakini kwa matibabu ilitosha. Baba Salumu akamuuliza kama anajua gari lile lilinunuliwa kwa kiasi gani likiwa jipya. Akamweleza yote aliyoyauza ili kulinunua: nyumba ya pale sokoni, korosho za misimu mitatu, na shamba la marehemu mama yetu. Shamba lile, dada, alilitaja kama lake. Niliinamisha kichwa.

Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mzee wangu, hiyo bei ulilipia upya wake. Na huo upya umeshautumia mwenyewe."

Baba Salumu akamwambia aende zake.

Shemeji akadhani anaweza kumlainisha. Akatafuta kwenye simu gari jipya la aina ileile linauzwaje siku hizi, ili mwenzake aone kwamba ile bei yake ya zamani haina maana tena. Ikawa kinyume. Baba Salumu alipoiona ile bei alikaa kitako, uso umechangamka kama wa bwana harusi, akasema kama jipya ni hivyo, basi lake haliwezi kushuka chini ya nusu. Tangu hapo kila aliyekuja aliambiwa nusu. Wengi waliondoka. Mmoja alicheka mbele yake.

Mie nilimwomba. Nilimwambia gari litakuja jingine, mguu hauji. Akasema, "Mama Salumu, nikiliuza kwa bei hiyo, ni sawa na kusema maisha yangu yote niliyatupa. Unataka niseme hivyo?"

Ningekuwa na jibu siku ile, labda leo nisingekuwa nakuandikia haya.

Vidole vikawa vyeusi. Harufu ikawa nzito hata mafundi wa karakana wakahamisha meza zao upande wa pili, wakisingizia kivuli, kwa heshima. Tulipomrudisha hospitali alikuwa na homa, anachanganya majina. Daktari akasema mshipa haufai tena kuzibuliwa. Ni kukata au kumpoteza. Tukampigia yule wa Kinondoni. Alikuwa ameshanunua jingine.

Ndipo tukawaita watu wa chuma chakavu, wanaolipa siku hiyohiyo, na Baba Salumu mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Walilikatia palepale, milango, bodi, chesisi, wakapima kwa kilo. Pesa iliyokuwa iokoe mguu ndiyo tuliyolipia kuukata. Nilisimama mpaka wakamaliza, kwa sababu niliona si haki liondoke bila mtu wa kwetu kuwepo. Nililia, dada, na sijui nililia gari, au shamba la mama, au mume wangu.

Sasa anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Gari hajaliuliza. Mguu hajautazama, nikimbadilisha bandeji anageukia ukutani. Na mie nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nikifikiria mwakani tutakula nini, nasimama hapohapo, sioni mbele.

Nyuzi zikitolewa tutarudi kwa basi. Mwambie mwanangu Salumu avunje ile ngazi ya mlangoni, aweke mteremko wa udongo na aushindilie vizuri. Msalimie wifi yangu Mwanahawa, umshukuru kwa kunilindia kuku. Mama mkwe wangu mpe shikamoo yangu, na umweleze polepole wewe, maana mie sitaweza kumtazama.

Stendi njooni wachache. Baba Salumu akishushwa, mwite shemeji kama siku zote, umsalimie usoni. Tafadhali, dada, usishushe macho.

Ni mie mdogo wako ninayekuegemea,
Zainabu