Nilioshwa Miguu kwa Jina Lako

Dada yangu Zaituni,

Pokea salamu zangu, halafu nikupe habari moja kwa moja, maana sina tena nguvu ya kuzunguka. Mama ametutoka. Alifariki mvua zikikaribia kuisha, akiwa usingizini, tukamzika jioni ya siku hiyo juu ya kijiji, karibu na baba. Hakuteseka.

Barua hii sikuifunga. Sijui kama bado uko Kalemie au mlihamia bara huko, wala sijui unaishi mtaa gani. Nimempa mama mmoja anayevuka ziwa na dagaa, aisome kwa yeyote anayemjua Zaituni wa Mwamgongo, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko, aliyeolewa na fundi wa mashua. Kwa hiyo kama sokoni wamekwisha kuyajua mambo yetu kabla yako, uniwie radhi. Na usijiulize nani kaniandikia. Nimeandika mwenyewe. Nimesoma kisomo cha watu wazima, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa kidevuni, tunaimba a, e, i, o, u tukiwa na mvi. Ungeniona ungecheka mpaka ushike mbavu.

Kwanza nikuelekeze nyumba, maana ile unayoijua haipo. Serikali iliposema tushuke wote tukae kijiji kimoja, watu wa mabondeni na wa milimani walishuka na milango yao kichwani. Mama akagoma. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kumbembeleza, mama akamuuliza, "Zaituni akirudi atatukuta wapi?"

"Bibi, si atauliza."

"Atamuuliza nani, na ninyi wote mmehama?"

Balozi akaaga, akaenda zake. Mwisho nilimshusha mwenyewe mgongoni, nimemfunga kwa kanga kama mtoto, naye ananipiga mabegani njia nzima. Sasa tunakaa, yaani nakaa, nyumba inayotazamana na ghala la kijiji, yenye mlango wa bluu. Mlango niliupaka rangi kwa amri yake, ili uuone kutoka majini.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba hukusahauliwa hata siku moja. Wakati mwingine nilitamani usahauliwe kidogo nami nipumzike.

Unapakumbuka Mitumba? Najua unapakumbuka. Tangu enzi za Mwingereza bonde lile lilikuwa la sokwe, sisi tuliachiwa ufukwe tu wa kuanikia dagaa. Wewe na mimi kazi yetu ilikuwa kuwageuza dagaa juani na kuwafukuza nyani. Yule nyani jike mwenye mtoto aliyening'inia tumboni kwake ulimwachia makusudi, anajaza kiganja, anaondoka taratibu kama mtu aliyetoka kununua. Mama alipokukamata ulisema, "Na yeye ana mtoto, mama." Ulichapwa kwa ufito uleule wa kufukuzia nyani, na usiku ukaniambia hukujuta.

Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala, na sisi tunapata nafasi. Hapo ndipo mama alipokuwa akitupandisha kijitoni tujitoe shombo. Wewe mbele, mimi nakukanyaga visigino. Maji yale yalikuwa baridi yanauma meno. Mama anatusugua mgongo na jani la mgomba huku akisema hakuna mwanamume wa kuoa harufu ya samaki. Alikosea kwako. Kwangu sijui, labda alisema kweli, maana hadi leo hakuna aliyekuja.

Wewe uliondoka mwaka wa Uhuru. Karibu watu wote walikuwa wamekwenda Kigoma mjini kuona bendera na kucheza ngoma, mimi na mama tukiwamo, na tuliporudi nyumbani tukakuta sanduku lako halipo. Jirani akasema ulipanda mashua ya fundi, mkaelekea ng'ambo, na kwamba ulikuwa unalia na kucheka. Mama hakupiga kelele. Alikaa kizingitini, akasema, "Ameondoka na miguu michafu."

Unaijua maana yake kuliko mimi, kwa kuwa wewe mkubwa ulishuhudia shangazi akioshwa. Kwetu binti haendi kwa mumewe kabla mama yake hajamwosha miguu na kumtamkia radhi. Mahari inaweza kusubiri, karamu inaweza kusubiri, miguu haisubiri. Watu walipomwambia mama akulaani alikataa. "Simlaani. Ila radhi zangu hana, hakuja kuzichukua." Tangu hapo kila jambo baya likisikika kutoka ng'ambo aliona ndilo limekupata, kwa sababu ulikwenda bila kinga.

Na mabaya yalisikika. Vita vya huko vilipowaka, mitumbwi ilikuja imejaa watu na magodoro na mbuzi, na mama akashinda ufukweni akitazama kila uso unaoshuka. Mimi nashika mkono wake, natazama naye. Alimuuliza kila mtu. Mwanamke mmoja alisema amemwona Zaituni mwenye kovu, akaelekeza vizuri sana, baadaye tukagundua alikuwa na njaa tu. Mama alimpa chakula hata hivyo, ugali wa muhogo na samaki mzima wa mgebuka. Mimi siku hiyo nilikula mboga.

Dada, kulea mzazi si kazi ya kusimulia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na najua kutoka huko uliko mzigo wangu unaonekana mwepesi. Macho yake yalianza kwenda, kisha miguu. Shamba la ujamaa linaningoja asubuhi, yeye ananingoja mchana, maji na kuni vinaningoja jioni. Aliye mbali ndiye mtoto, aliye karibu ni mikono. Sikuambii ili ujisikie vibaya. Au labda nakuambia kwa sababu hiyo, sijui, nimechoka na uchovu haujui adabu.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mvua za kwanza ziliponyesha na ule moshi wa kiangazi ukaondoka ziwani, milima ya Kongo ikaonekana wazi. Mama alikuwa haoni tena mbali, lakini alisikia watu wakiisema. Akaniambia, "Nipeleke Mitumba. Kijitoni." Nikamwambia siku hizi kote kule ni hifadhi ya taifa, hakuingiliki ovyo. Akasema yeye haendi kwenye hifadhi, anakwenda kijitoni. Kwa siku kadhaa hakula vizuri, nikaona bora lawama. Jirani yetu Saidi akatupakia mtumbwini, akapiga kasia akifuata ukingo.

Askari wa hifadhi alikuwa amesimama kwenye changarawe kabla hatujashuka. Kijana wa Kasulu, mpole, sare imempwaya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwakeye, mwanangu."

Kusikia Kiha uso ukamfunguka, lakini kazi ni kazi. "Bibi, humo ndani haingii mtu bila kibali."

"Na hao sokwe, kibali chao kaandika nani?"

"Hao ni wenyeji, bibi."

"Na mimi niliyeanika dagaa hapa kabla mama yako hajaolewa, ni mgeni wa wapi?"

Kijana alijikuna chini ya kofia. Alinitazama mimi kama anayeomba msaada, nami nilikuwa nimebeba mtu mgongoni, sikuwa na msaada wa kumpa mtu mwingine. Akasema basi atatusindikiza, tusipite yale mawe ya kwanza, na tusikate hata jani. Alitangulia akitusogezea matawi.

Zaituni, pametulia pale. Sikumbuki kama palikuwa pametulia vile tulipokuwa wadogo, au ni sisi tuliokuwa na kelele. Maji yanapita kwenye mawe yaleyale, miti imeziba jua, na juu kabisa mlimani sokwe wanaitana. Mama akasikiliza, akasema, "Bado wanagombana." Nilipomtua nikaegemea mti. Nyumbani kuna kazi, uchovu hauna nafasi ya kujitokeza. Pale ulitokea wote kwa mara moja.

Mama akasema, "Kaa kwenye jiwe. Vua malapa. Tia miguu majini."

Nikakaa. Nilidhani ameniona nilivyochoka. Miaka yote hiyo namwosha mimi, na sasa amejivuta kwa makalio mpaka miguuni kwangu, anapapasa majini anautafuta mguu wangu. Nikasema, "Mama, acha, utaloa." Akasema, "Nyamaza. Leo wewe ni wakili wa dada yako."

Sikuelewa. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Nikaha inafungwa bibi arusi yuko chumbani, hajulikani hata kama anacheka au analia, wakili wake anasema kwa niaba yake na ndoa inasimama. Ikiwa ndoa inasimama, radhi itashindwaje? Yeye hataweza kuvuka ziwa, na wewe hujavuka. Mimi ni damu moja na wewe. Miguu yangu itatosha.

Akaniosha. Taratibu, kidole kwa kidole, na kisigino, na pale juu ya kifundo. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kama vijiti, lakini vilijua kazi. Akasema, "Zaituni, binti yangu, umetoka kwangu, nenda na radhi zangu. Maziwa yangu nimekuhalalishia. Ulikokwenda kuwe kwema, na uliowazaa wamwogope Mungu." Kisha akaugonga mguu wangu. "Sema umepokea."

"Nimepokea, mama."

"Sema tena, maji yana kelele."

"Nimepokea."

Askari alikuwa amegeukia upande wa mlima. Alijua anachokiona, nadhani kwao pia wanacho.

Mimi sikutoa miguu majini. Nilibaki nayo palepale, mmoja kando ya mwingine. Nilijua mimi sikuolewa, hakuna safari ya kuniosha kwa ajili yake. Lakini nilikuwa nimekaa, na maji yapo, na mama yupo, na mikono yake bado imeloa. Nilingoja. Mama akajifuta kwa pindo la kanga, akasema, "Basi. Nirudishe nyumbani, nimechoka."

Nikavaa malapa, nikamfunga mgongoni, nikashuka.

Mtumbwini alilala begani kwangu, uso umetulia, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Nami nilikuonea wivu, dada. Siyo kidogo. Nilikuonea wivu hadi Saidi alipouliza kama tulifika kijitoni, nikamwambia apige kasia tu. Uliondoka ukicheka na kulia, ukapata mume, na watoto bila shaka, na radhi ikakufuata kwa miguu yangu mimi. Nilitaka kumuuliza mama, "Na mimi?" Nikaona aibu. Mtu mzima anaombaje kitu kama kile, kama mtoto anayeomba sukari? Nikasema nitamuuliza kesho. Kila kesho kulikuwa na uji wa kupika na shuka la kufua. Halafu asubuhi moja nikapeleka uji, nikaurudisha.

Wanawake waliokuja msibani nimewasimulia. Wanasema aliye karibu na mzazi radhi humwingia yenyewe, haihitaji kutamkwa. Mwingine akasema mama aliniona sina kosa la kusamehewa, ndiyo maana. Huenda ni kweli. Lakini wao wote walioshwa, wanasema wakiwa wameshiba.

Kwa hiyo nimekuletea radhi yako. Imefika nzima, sikuipunguza, na nilisema nimepokea mara mbili. Tangu leo ukiugua usidhani ni mama, na mtoto wako akikohoa usiku usidhani ni mama. Umeondoka nyumbani na miguu safi.

Sasa na mimi nina neno moja. Mama akiondoka, dada mkubwa ndiye mama. Sikuitunga mimi, ndivyo tulivyolelewa. Ukivuka, usiniletee vitenge vya Kongo, wala usije na maelezo kwa nini hukuandika. Sitauliza. Njoo siku ambayo mwezi ni mkubwa na watu hawana kazi. Tutamwomba yule kijana wa Kasulu. Nitakaa kwenye jiwe, nitatia miguu majini, na wewe uniambie maneno yale ambayo mama alikuambia wewe, yote, usiruke hata moja. Pale aliposema Zaituni, useme Asha.

Mdogo wako,
Asha